Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakulima wa Mwani, 2024

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, wajumbe wa Kamati ya Wavuvi ya Shehia, mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka zetu wachache mliojiunga mwaka huu, ahsanteni kwa kuja. Najua leo ni maji mafu, bahari haikupwi vya kutosha kwenda shamba, na ndiyo maana ukumbi umejaa. Lingekuwa bamvua, maji yanapokupwa sana, ningezungumza na viti.

Desturi ya taarifa hii ni kuanza na magunia yaliyouzwa, ikafuata fedha, halafu shukurani, watu wakaenda kula. Safari hii magunia na fedha nimemwachia Bi Mhazini. Atasoma hesabu baada yangu, na nakala imebandikwa mlangoni kwa kila anayetaka kuikagua kwa macho yake. Mimi nina jambo moja tu. Mavuno yamepungua tena, na kila nikikaa na wanachama nasikia sababu mbili: wengine wanasema kudra, wengine wanasema tabianchi. Kamati yenu haikutosheka na majibu hayo. Mwani wetu unaharibiwa na kazi za watu, na watu hao hawako mbali wote. Baadhi yao ni jirani zetu wa mahotelini, na baadhi yao wamekaa humu ndani.

Joto la maji

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuufanyia utafiti mwani wa pwani yetu kwa miaka mingi. Mbegu zilizopandwa zililetwa kutoka Ufilipino, za aina mbili, spinosamu na kotonii. Wakongwe mnazijua, lakini wapya nao wasikie. Kotonii ni mnene, na karaginani yake, ile ute ambayo viwanda vya nje hutia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na dawa za hospitali, huganda vizuri. Kwa hivyo wanunuzi huulipa mara mbili ya spinosamu au zaidi. Spinosamu ni mwembamba na mvumilivu, na bei yake nayo inataka mtu mvumilivu.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ulianza kufa mashambani, pwani moja baada ya nyingine, na leo karibu mwani wote unaotoka Zanzibar ni spinosamu. Maana yake ni kwamba mwanamke anafanya kazi ileile, kwa mgongo uleule, na analipwa nusu. Hasara hiyo haionekani kwenye daftari la magunia, kwa sababu gunia ni gunia. Inaonekana nyumbani.

Mwani huu hupenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30. Mashamba yetu yako kwenye maji madogo, ndani ya mwamba. Wakati wa bamvua maji hukupwa asubuhi, vidimbwi vikabaki hadi karibu na adhuhuri jua likiwa utosini, na joto la vidimbwi hivyo hupita nyuzi 33 bila taabu. Mwani ukichoka kwa joto, vijidudu huuingia. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, na linalobaki kwenye kamba ni fundo tu. Mambo haya tuliyazoea kwa kotonii wakati wa kaskazi, miezi ya joto. Sasa spinosamu nao umeanza kuyaonesha.

Na mwaka huu ulikuwa mzito. Mwezi wa Aprili wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la matumbawe kupauka bahari zote, na Bahari ya Hindi yetu imo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1998 wanakumbuka lile tukio la mwanzo lililotugusa, miamba ilivyokuwa myeupe na samaki walivyoadimika baadaye. Mvua za masika zilikuja kubwa na kuyapunguza maji chumvi. Kisha mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, kikatua upande wa Mafia, boti za Dar es Salaam zikasimamishwa, na hapa kwetu mawimbi yakang'oa vigingi vilivyokuwa vimebaki. Hakuna aliyepoteza roho kijijini, alhamdulillahi.

Joto hili lina wenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na hewa chafu ya viwanda, magari, ndege na mitambo ya umeme humezwa na bahari. Mwanachama wetu anakwenda shamba kwa miguu na anapikia makuti na vifuu. Katika deni hilo jina lake limo kwa herufi ndogo sana, naye ndiye wa mwanzo kulipishwa. Hayo tumeyasema mbele ya kila mgeni aliyekuja na kalamu, na tutaendelea kuyasema.

Lakini nina wasiwasi na neno lenyewe. Tabianchi limekuwa neno la raha kwa watu wengi, kwa sababu likishatajwa hakuna wa kuulizwa. Karo la hoteli, lile shimo la maji machafu, likivuja, tabianchi. Ufukwe ukilika, tabianchi. Mikoko ikikatwa ikaisha, mchanga ukajaa shambani, tabianchi. Kamati imeamua kuyatenga mambo: joto lina mlango wake wa kubisha, na haya mengine yana milango iliyo karibu zaidi.

Jirani zetu wa hotelini

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Mwaka huu wamepita 700,000. Siji hapa kuwalaani. Watoto wetu wanafanya kazi huko, sabuni yetu ya mwani inanunuliwa na wageni hao hao, na nyumba kadhaa za kijiji hiki zimeezekwa bati kwa mshahara wa hoteli. Ninalotaka tulijue ni kinachopita chini ya miguu yetu.

Upande huu wa kisiwa ni maweni. Jiwe lake lina matundu, na kila kinachomwagwa juu kinashuka, kikaingia kwenye maji ya chini, kikatokea pwani. Hoteli inavuta maji ya kisima kwa mabwawa ya kuogelea, bustani na vyumba. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kinaweza kumaliza zaidi ya lita 3,000 kwa siku. Maji matamu yakivutwa kwa nguvu, ya chumvi yanapanda kuchukua nafasi yake, na ndiyo maana visima viwili vya upande wa pwani sasa vinatumika kwa kuoshea tu. Halafu maji machafu yanarudi ardhini kwa njia ya makaro. Yanapopenya hadi baharini yanakwenda na mbolea, na mbolea baharini hailishi tunachokipenda. Inalisha ule uchafu wa kijani unaouvamia mwani wetu, ukauzibia mwanga, na kuwawasha wanachama ngozi mpaka wengine wanavaa soksi mikononi. Mnunuzi akiuona guniani anapunguza bei au anakataa. Mpandaji anapoteza mwezi na nusu wa kazi kwa sababu ya choo cha mtu ambaye hatamjua.

Niseme wazi kwamba hatujapima maji ya hapa kwetu. Tunachokijua ni mahali uchafu ulipo mwingi, na ni mbele ya kuta za hoteli, si mbele ya vijiji. Ombi la kamati kwa mkutano huu ni kuturuhusu kuandika barua kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, kupitia kwa Bwana Sheha, maji yapimwe wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Tukipata majibu ya maabara, mazungumzo na majirani yatakuwa mafupi.

Kuhusu ufukwe, sheria inataka jengo liwe mita 30 kutoka maji makuu yanapofika. Mnajua nyinyi nani kazifuata. Ukuta ukijengwa kwenye mdomo wa maji, wimbi linaupiga na kurudi na mchanga, ukuta unabaki na ufuo unaondoka, na anayeliwa zaidi ni yule wa pembeni asiyekuwa na ukuta. Sehemu yetu ya kuanikia mwani imepungua kwa sababu hiyo, mpaka baadhi yetu tunaanika njiani, mbuzi wakapita juu.

Mwezi wa Julai uongozi wa hoteli moja ulituita. Wageni wao, tuliambiwa, wanapolipa kuja kuona bahari hawapendi kuona vijiti na kamba na "taka" za kijani ufukweni. Tukaombwa tuhamishe mashamba yaliyo mbele ya hoteli, na tungepewa fidia ndogo ya mara moja. Kamati ilikataa, na nataka ijulikane kwamba ilikataa kwa kauli moja. Mashamba yale yana umri mkubwa kuliko hoteli. Hata hivyo tulikubaliana mambo mawili yenye maana. Watu wanaoruka na matiara ya baharini wamewekewa njia yao yenye maboya, ili ile kamba yao isikate zetu na zetu zisiwakate wao, maana mwaka jana mtalii aliumia mguu. Na njia ya zamani ya kushukia pwani, iliyokuwa imezibwa kwa ua wa makuti, imefunguliwa. Walipoulizwa maji machafu yao yanakwenda wapi, walituahidi jibu. Bado tunalisubiri.

Sisi wenyewe

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike taarifa hii mara ya pili, na kuna mwanachama wa kamati aliyeniomba niifupishe kwa sababu wageni wapo. Nimeirefusha.

Mkulima mwenye kamba 100 anahitaji vigingi 200, kimoja kila ncha ya kamba. Vigingi vikikaa baharini, wadudu wanavitoboa, na vinavunjika kabla mwaka haujazunguka mara nyingi. Vinatoka wapi? Baadhi vinatoka msitu wa maweni, na baadhi, tusifichane, ni mkandaa na mkoko. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 inataka kibali cha kukata mikoko, na hakuna kati yetu aliyekwenda kuomba kibali cha vigingi. Tunanunua kwa vijana wanaopita na magari ya ng'ombe jioni, hatuulizi. Mikoko hiyo ndiyo inayochuja tope lisije shambani, na kwenye mizizi yake ndiko wanakokulia kamba, kaa na samaki wadogo ambao baadaye waume zetu wanawafuata nje ya mwamba. Tunakata kwa mkono mmoja kile tunachokililia kwa mkono mwingine.

Majani ya bahari, yale yanayojiotea mchangani, ni habari nyengine. Tulipofundishwa kilimo hiki tulifundishwa kusafisha shamba, na kusafisha kulikuwa na maana ya kung'oa majani. Ghuba ya Chwaka watafiti walilinganisha mahali penye mashamba ya mwani na mahali penye majani yaliyoachwa, wakakuta mashambani majani ni machache na viumbe vya mchangani ni vichache. Kivuli cha mwani chenyewe kinayadhoofisha, miguu yetu inayakanyaga, na mikono inamalizia. Majani hayo yanashika mchanga usihame, na humo ndimo tasi, changu na pono wanamojificha wakiwa wadogo. Wale kina mama wanaokwenda kuchokoa chaza na kombe wanajua: siku hizi wanakwenda mbali zaidi kwa kikapu kilekile.

Mwanachama mmoja mkongwe, namheshimu sana, alisema kwenye kikao cha tawi kwamba majani yaling'olewa tangu mwaka wa mwanzo na samaki hawakuhama. Ni kweli, mama. Lakini wakati ule kijiji kizima kilikuwa na mashamba machache pale mbele ya mikadi, na leo tumetandaza kamba kutoka ncha hadi ncha. Kitu kikifanywa na watu kumi bahari haitambui. Sasa tuko mamia.

Halafu taitai. Zile nyuzi nyembamba za plastiki tunazofungia mbegu, tukivuna tunazikata na kuziacha zielee. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na sisi wenyewe tulishangilia, huku kila bamvua tunatupa nyuzi baharini kwa viganja. Kasa hawezi kutofautisha uzi na chakula.

Kwa hivyo kamati inaleta mapendekezo, na nataka myapigie kura leo bila kusukumwa hadi mwakani. Vigingi vya chama vitanunuliwa kwa wenye miti ya mvinje ya kupanda, kwa pamoja, kwa bei ya jumla. Mwanachama atakayeonekana na vigingi vya mkoko vipya hatanunuliwa mwani wake kwa mzani wa chama kwa msimu mmoja. Shamba jipya litawekwa kwenye mchanga mtupu, hakuna kung'oa majani, na kati ya shamba na shamba paachwe ukanda wa upana wa kamba moja. Taitai zitabadilishwa kwa vitanzi vya kamba vinavyobaki kwenye kamba kuu na kutumika tena na tena. Bi Mhazini ametenga fedha za kuanzia, na somo la kuvifunga tutalitoa sisi kwa sisi, maana wapo humu wanaojua kusuka vizuri kuliko mwalimu yeyote wa kuletwa.

Najua swali la mzani litazua maneno. Wengine watasema chama kimegeuka polisi. Sawa, lakini chama ambacho hakiwezi kumwambia mwanachama wake acha, kitamwambiaje mwenye hoteli?

Niseme na hili la kupanda mikoko kwa picha. Mwaka huu tulipata wageni wenye fulana zinazofanana, wakapanda miche kwenye mchanga wa wazi mbele ya bandari, kamera zikapiga, tukapewa soda. Bamvua la kwanza liliichukua yote. Mkoko hauoti kila penye maji ya chumvi, na kila aina ina mahali pake: mwengine unapenda tope la chini, mwengine ukingo wa juu. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuacha kukata na kuyaachia maji njia yake, mbegu zitakuja zenyewe. Kuanzia sasa mgeni anayetaka kupanda atapelekwa kwanza kwa wazee wa nyuma ya ghuba waoneshe panapofaa. Akiona ni mbali na hakuna picha nzuri, tutamshukuru kwa nia yake.

Maji ya kina

Dawa tunayoambiwa kila mahali ni kuhamisha mwani kwenye maji ya kina, nje kidogo, ambako joto halipandi hivyo na hata kotonii unaweza kuishi. Unafungwa kwenye kamba zinazoelea kwa maboya, au unatiwa ndani ya nyavu ndefu zilizoshonwa mfano wa bomba ili mawimbi yasiukate. Njia hizi zimejaribiwa Zanzibar na zinafanya kazi. Tumekwenda kuona, tumeshika kotonii mzuri kwa mikono yetu, na sikuambieni furaha ya kina mama siku ile.

Sasa tufikiri. Katika wakulima wa mwani wa Zanzibar, takriban wanane kati ya kumi ni wanawake, na sababu iko wazi. Shamba la maji madogo halihitaji chombo wala kuogelea. Unakwenda kwa miguu maji yakitoka, unarudi yakiingia, umeacha chungu jikoni na mtoto kwa bibi yake. Hiyo ndiyo iliyotupa fedha tusizokuwa tukizijua, ada ya skuli ikalipwa bila kuombwa mtu, na maneno ya mwanzo mwanzo ya baadhi ya waume yakaishia njiani. Ukilisogeza shamba kwenye kina, umeliweka mahali pa chombo na kuogelea. Mwenye chombo ni nani? Anayejua kuogelea ni nani? Humu ukumbini wanawake wanaojua kuogelea hawazidi vidole vya mkono, na sisi tumezaliwa hatua chache kutoka baharini.

Nimeona kijiji jirani mambo yalivyokwenda. Vyombo vililetwa kwa jina la kina mama, akatafutwa nahodha, nahodha akawa na msaidizi, msaidizi akawa na mashamba, na baada ya misimu kadhaa kina mama wanalipwa kwa kufunga mbegu ufukweni, kibarua. Hakuna aliyedhulumu kwa makusudi. Kazi ilifuata chombo.

Kamati haikatai maji ya kina. Inakataa kuingia huko bila masharti, nayo ni haya. Chombo kiandikishwe kwa jina la chama, si la mtu wala la kikundi kidogo. Nahodha awe mwajiriwa wa mshahara, asiwe mshirika wa mavuno. Nusu ya watakaofanya kazi chomboni wawe wanawake, na kabla kamba ya kwanza haijashushwa wawe wamefundishwa kuogelea na mwalimu mwanamke, kwa nguo zinazowaridhisha wao na familia zao, mahali pasipo na watazamaji. Tayari wamejiandikisha kina mama na mabinti wengi kuliko tulivyotarajia, na mmoja wao ni bibi mwenye wajukuu ambaye sitamtaja kwa sababu mumewe bado hajaambiwa.

Kaka zetu mliojiunga, msininunie. Karibuni, na mgongo wenu tunauhitaji. Lakini mmekuja katika nyumba iliyojengwa, na mnalijua shina lake.

Jambo la wavuvi linahusika hapa pia. Maboya yakiwekwa nje yatakuwa kwenye njia ya nyavu. Wajumbe wa Kamati ya Wavuvi wamekubali tukae kabla ya kusi kuchora mipaka, nami nawashukuru. Nao walituomba, na wana haki, tuwaunge mkono kuhusu majuya, zile nyavu za kukokota, yanayoingia usiku kutoka nje ya shehia na kusomba majani, mayai na samaki wachanga kwa pamoja. Ukokotaji huo umekatazwa kisheria. Tutakuwa nao kwenye doria, angalau kwa macho, kwa sababu wa mwanzo kufika pwani alfajiri ni sisi.

Mengine kwa haraka

Pweza. Kisiwa Panza kule Pemba wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, halafu wakaufungua kwa siku maalumu, na pweza wanaotoka ni wakubwa. Pweza hukua upesi na maisha yake ni mafupi, na jike hutaga mara moja akafa, kwa hivyo kumwachia miezi michache kuna maana kubwa. Kina mama wa pweza wa kijiji chetu wameomba tulijaribu na sisi, kwa sehemu ya kusini ya mwamba. Kamati inaunga mkono. Tatizo ni ulinzi wa usiku, na hilo linazungumzwa.

Sifongo. Jambiani wanawake wanalima sifongo za baharini, na moja inauzwa kwa bei nzuri kuliko kilo nyingi za mwani. Inataka subira na usafi, na mtaji wa mwanzo. Watatu wetu watakwenda kujifunza.

Sabuni na unga wa mwani vimeendelea. Soko ni la wageni zaidi, kwa hivyo likipanda na kushuka tusishangae. Ningependa zaidi tuwauzie watu wa mjini, ambao hawana msimu wa utalii.

Bei. Mnunuzi wetu alichelewa kulipa mara mbili mwaka huu na kutaja soko la nje kuwa sababu. Mkataba unakwisha, na kabla haujatiwa saini upya tutatafuta bei za wengine, ikiwemo ya serikali.

Wanachama waliotangulia mbele ya haki mwaka huu tumewasomea dua kabla ya kikao. Familia zao zimeshapewa mkono wa pole kutoka mfuko wa chama.

Uchaguzi wa wajumbe wanne wa kamati utafanyika baada ya hesabu. Fomu ziko kwa katibu, na nasisitiza walio chini ya miaka thelathini wajitokeze, maana kamati nzima sasa tunavaa miwani. Kura za vigingi, majani na taitai zitapigwa kwa kunyoosha mikono, kila pendekezo peke yake. Kura ya maji ya kina itapigwa kwa karatasi, kwa siri, kwa sababu ina waume ndani yake.

Naomba kuwasilisha.